Mwanangu, anza na lenzi

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimefurahi sana kusikia kwamba akiba uliyoiweka kidogo kidogo sasa inatosha kununulia kamera ya DSLR, ile ya dijitali yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha. Umeniuliza kati ya Nikon D5600 na Canon EOS 250D ipi ina megapikseli nyingi zaidi. Swali hilo nitalijibu upesi, kwa sababu liko lingine ambalo hukuuliza nalo ndilo litakaloamua picha zako zitakuwaje. Zote mbili zina megapikseli 24 na ushee, yaani kila picha ina nukta 6000 kwa 4000. Ukiisafisha picha kama hiyo kwa nukta 300 kwa kila inchi, utapata karatasi yenye upana wa sentimita 50 hivi. Inakutosha, na wala usilifikirie tena.

Ambalo hukuuliza ni lenzi.

Niliponunua kamera yangu ya kwanza ya dijitali, fedha zote niliziweka kwenye kamera yenyewe, kisha nikaridhika na lenzi ya zumu ya milimita 18 hadi 55 iliyokuja nayo katika boksi moja. Jioni moja nilimkuta bibi yako ameketi karibu na taa, anatunga uzi kwenye sindano, macho ameyafinya na midomo ameibana kama afanyavyo kila anaposhona. Nikavuta zumu hadi mwisho na kupiga. Picha hiyo ninayo hadi leo: uso umetulia, nywele zake zinahesabika, lakini vidole vimekuwa kama moshi, na sindano haionekani kabisa. Shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ilikuwa imebaki wazi kwa sehemu ya 1/8 ya sekunde, na katika muda huo mikono ya mtu anayetunga uzi haiwezi kutulia.

Kamera haikuwa na kosa. Lenzi ya namna ile, ikivutwa hadi milimita 55, tundu lake la kupitishia mwanga haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Namba hiyo huwachanganya wengi kwa sababu kadiri inavyopungua ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Ni urefu wa fokasi, zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8 ina tundu lenye kipenyo cha milimita 28 hivi, na hupitisha mwanga unaokaribia mara kumi ya ule unaopita kwenye f/5.6. Kwa taa ileile na bibi yako akiwa palepale, 1/8 ingekuwa 1/80, na huenda leo ningekuwa na vidole vyake na sindano yake. Mwaka uliofuata nilinunua lenzi ya milimita 50 isiyo na zumu, ile AF Nikkor f/1.8D unayoijua, na tangu hapo picha zote za nyumbani unazozipenda zimetoka kwenye lenzi hiyo ndogo ya plastiki.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuhusu orodha yako. Mtu anapochagua kamera huwa amechagua pia ukoo wa lenzi atakaoishi nao kwa miaka mingi. Canon walianzisha mlango wao wa lenzi, yaani mahali lenzi inapofungwa kwenye kamera, uitwao EF mwaka 1987, Nikon wakaanzisha wa F tangu mwaka 1959, na lenzi za mmoja haziingii kwa mwingine. Hata ndani ya ukoo mmoja kuna mipaka yake. D5600 haina mota ya kusukuma fokasi, yaani ya kuilenga lenzi ili picha iwe kali, ndani ya mwili wake, hutegemea mota iliyomo kwenye lenzi yenyewe, na lenzi yangu hiyo haina. Ukiifunga humo itakubali na kupima mwanga vizuri, lakini fokasi itakubidi uizungushe kwa mkono, na kwa f/1.8 kosa la upana wa kidole tu linatosha kuacha jicho la mtu kwenye ukungu.

Kwa sababu hiyo naomba uitazame Nikon D7200 iliyokwisha kutumika badala ya hizo mbili. Nayo ina megapikseli 24, lakini ina mota, na dirisha lake la kutazamia limetengenezwa kwa prizimu, yaani kipande kimoja kinene cha kioo, inayokuonyesha picha yote, ilhali dirisha la D5600 hutumia vioo vidogo na hukuonyesha asilimia 95 tu. Ubaya wake ni uzito: ina gramu 765, na D5600 ina 465 tu. Kwa hiyo usiamue kabla hujazishika zote na kukaa nazo mkononi japo robo saa. Kamera inayokuchosha utaiacha kabatini.

Lenzi yangu ya 50 chukua, nakupa. Fahamu tu kwamba kihisi cha kamera hizi, yaani kile kinachopokea picha mahali pa filamu, ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, hivyo kwenye Nikon ya namna hiyo milimita 50 huona kama 75. Inafaa sana kwa sura za watu, lakini chumbani utajikuta umeegemea ukuta huku mgeni wako bado hajaenea. Lenzi utakayoinunua mwenyewe iwe ya milimita 35 f/1.8 ya aina ya DX, yaani iliyotengenezwa kwa vihisi hivyo vidogo vya Nikon, ambayo huona karibu sawa na jicho lilivyozoea. Zumu ndefu za milimita 200 au 300 ziache mpaka ujue kwa hakika unataka kupiga nini nazo. Vichujio vya rangi na mapambo mengine sina la kuvisemea. Nunua betri ya pili.

Ukienda kuiona kamera iliyotumika, beba tochi na kadi yako ya kumbukumbu. Kama inauzwa pamoja na lenzi, ondoa mifuniko ya lenzi hiyo, ifungue tundu lote, kisha mulika kutoka upande mmoja ukichungulia upande wa pili. Vumbi kidogo halina neno, ila ukiona nyuzi nyembamba zilizotanda kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, rudisha na uondoke. Uliza shata imepiga mara ngapi. Ya D7200 ilijaribiwa kwa mipigo 150,000. Kisha weka f/16, piga ukuta mweupe, na madoa yoyote yatakayobaki mahali palepale picha baada ya picha yatakuwa uchafu ulioko kwenye kihisi, ambao husafishika.

Picha hizo za ukuta usizifute. Niletee kadi Jumamosi tuzikuze pamoja kwenye kompyuta kabla hujalipa, na lenzi utaikuta mezani, nimekwisha kuifuta.

Mimi mama yako akupendaye