Kwa wajukuu zetu wa Maskati

Wajukuu zangu,

Assalaam alaykum. Nimesikia posa ya mmoja wenu imekataliwa. Eti "si kufu yetu." Kabila ni lile lile, hata mji wa babu ni mmoja, Ibra. Ila bibi mzaa mama kazaliwa Ng'ambo, ule mtaa wa Unguja mjini, na rangi yake ni yangu mimi. Na nyinyi mmenyamaza kama mliofumaniwa.

Sisi tulikuja 1972. Sultan Qaboos alishika nchi 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi, nasi tulikuwa tumetawanyika tangu mapinduzi ya 1964: wengine Dar es Salaam, wengine Cairo, wengine Dubai. Babu yenu, Mungu amrehemu, alisujudu pale pale uwanja wa ndege. Wiki haijesha, karani wa ofisi moja akamsikia ananisemesha Kiswahili, akamtupia fomu: "Nyinyi Zinjibari, kajifunzeni Kiarabu kwanza." Babu yenu alikuwa amehifadhi Kurani. Hakujibu. Aliijaza ile fomu kwa hati nzuri kama ya msahafu, akairudisha. Karani akaisoma polepole, midomo inamcheza.

Nimelicheka hilo miaka mingi. Siku hizi nalionea haya kidogo, maana kule Unguja sisi ndio tuliokuwa tukiwacheka Wamanga, Waarabu wa Omani waliokuja na majahazi ya kaskazi wakafungua vijiduka shamba. Mama yangu akisema "Mmanga yule" utadhani kanusa samaki aliyeoza. Na waliotufulia nguo na kutulelea watoto tukiwaitaje? Utumwa Unguja ulipigwa marufuku 1897, lakini yale majina tuliendelea nayo mimi nikiwa mtoto. Kwa hiyo msiniambie maradhi haya tumeyakuta Maskati. Mengine yalikuja ndani ya masanduku yetu.

Sasa nawataka hivi. Posa ile msirudi kuibembeleza, wala wakija watu wengine msimpeleke bibi chumba cha nyuma. Kiarabu jifunzeni mpaka mtunge mashairi, lakini kwa raha yenu, si kwa kumwogopa mtu. Na yule binti wa kazi aliyetoka Tanga ana jina. Kuna nyumba ya jamaa zetu nimesikia anavyoitwa. Wenyewe wanajijua, na nitakuja kukaa barazani kwao tulizungumze.

Limebaki moja, na hili limeniuma kuliko la karani. Mwezi uliopita, dukani Ruwi, mmoja wenu alinibana mkono akaninong'oneza, "Bibi, sema Kiarabu." Nilikuwa namuuliza mwenzangu kama nazi zile zimekomaa. Nikanyamaza, nikaziacha nazi, tukarudi nyumbani.

Ijumaa nitapika wali wa nazi na mchuzi wa papa, njooni nyote. Alhamisi jioni nakwenda duka lile lile. Mjukuu wangu, wewe uliyenibana mkono, utanibebea kikapu, na bei utauliza wewe.

Bibi yenu