Mjomba, "Mount Gelai" bado ipo pale pale

Mjomba,

Shikamoo. Binti yako ameniahidi kukusomea barua hii kwenye simu jioni, ukishamaliza kusikiliza taarifa ya habari. Ningeweza kukupigia, lakini kwa simu huwa unaniuliza habari za kazi na mvua, nami nakujibu, na tunaagana kabla sijasema lililonikaa moyoni. Nimeiandika hadharani kwa sababu tuko wengi tuliolelewa na watu wa reli, na huenda kuna mwingine aliyeshikwa mkono akapandishwa ngazi ile ya chuma kama mimi.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu kwenye makumbusho ya reli. Njia ni ile ile. Unaiacha barabara ya Haile Selassie, unaingia upande wa stesheni ya Nairobi, kelele za matatu zinabaki nyuma yako, halafu mbele unaona nyasi, na katika nyasi vichwa vya treni vimepangwa juu ya vipande vya reli visivyokwenda popote. Nilikuwa nimejiandaa kukuta kila kitu kimedogoka. Ndivyo inavyokuwa ukirudi mahali pa utotoni: uwanja wa shule unakuta ni kiwanja tu, mwembe unakuta ni mti wa kawaida. Lakini "Mount Gelai", namba 5918, haikudogoka hata kidogo. Nilisimama ubavuni mwake, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, na bado ilinibidi niinue shingo.

Mwanangu alifanya nilichofanya mimi siku ile ya kwanza, bila kuambiwa. Alianza kuhesabu magurudumu. Unakumbuka? Ulinituma nizunguke kichwa kizima nihesabu, wewe ukakaa kwenye kivuli chake ukajifuta jasho. Nikarudi na jibu la 26. Ukaniambia nirudi. Nikarudi na 30. Ukaniambia tena nirudi, polepole, na safari hii niguse kila gurudumu kwa kiganja. Kumi na manne upande huu, kumi na manne upande ule. Ishirini na nane. Yale kumi na sita makubwa, yenye kubeba nguvu, yalinizidi kimo. Viganja vyangu vilikuwa vyeusi tii kwa kutu na mafuta, na mama alinigombeza nilipofika nyumbani. Sijui kama alikugombeza na wewe.

Kisha ukatoa viberiti viwili mfukoni na rula yangu ya shule. Kiberiti kimoja huku, kimoja kule, rula juu yake kama daraja. Ukavisogeza kwenye mchanga kufuata mstari uliopinda, na kila kiberiti kikageuka kwa wakati wake huku rula ikibaki imenyooka. Ndiyo hiyo Garratt, ukasema. Kichwa kimoja chenye injini mbili, moja mbele na moja nyuma, na boila limening'inizwa katikati. Baadaye nilisoma kwamba mwenye wazo hilo alikuwa Mwingereza, Herbert William Garratt, aliyelipatia hataza mwaka 1907, na kwamba kiwanda cha Beyer, Peacock kule Manchester ndicho kilichotutengenezea vichwa vyetu vya aina ya 59, thelathini na vinne kwa jumla, mwaka 1955 na 1956. Nimesoma maelezo mengi ya wahandisi tangu hapo. Hakuna hata moja lililonieleza vizuri kuliko viberiti vyako.

Maana fumbo lenyewe lilikuwa gumu, na sikulielewa uzito wake hadi nilipokua. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja tu kutoka chuma hadi chuma. Imepanda kutoka baharini Mombasa hadi Nairobi, kilomita kama 530, na mwisho wa safari hiyo umekwea zaidi ya mita 1,600. Kona ni nyingi. Mzigo ni mzito. Ukitaka kichwa chenye nguvu unahitaji boila kubwa, na boila kubwa juu ya magurudumu mengi yaliyofungwa pamoja halipindi kona, na uzito wake ukikaa mahali pamoja unaumiza reli na madaraja. Garratt aliliondoa boila juu ya magurudumu. Likiwa limening'inia katikati, chini yake pako wazi, basi linaweza kunenepa litakavyo. La "Mount Gelai" lina kipenyo cha zaidi ya mita mbili na robo, juu ya reli ya mita moja! Na uzito wote, tani kama 252, umegawanywa kwa ekseli nyingi kwa urefu wa karibu mita 32. Hakuna reli ya mita moja popote duniani iliyowahi kuwa na vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko hivyo. Ulikuwa ukinitajia jambo hili kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Tulipopanda juu, ngazi ilikuwa ya moto kwa jua. Hapo ndipo napenda kukaa zaidi, Mjomba, kwa sababu hapo ndipo ulipobadilika. Chini ulikuwa mjomba wangu. Juu ulikuwa mtu mwingine, mwenye haraka na macho makali. Ulisimama upande wako, upande wa anayesimamia moto, ukanishikisha gurudumu dogo la valvu ya mafuta, ukaniambia nitazame nje, nitazame bomba la moshi. Usitazame moto, uliniambia. Moto utakudanganya. Tazama moshi. Ukiwa mweusi, unatupa mafuta ya watu bure. Ukikosekana kabisa, unaingiza hewa nyingi na boila linapoa. Unataka moshi mwembamba wa kijivu, kama ukungu unaoondoka asubuhi. Nikatazama bomba ambalo halijatoa moshi kwa miaka, na naapa niliuona.

Na mchanga! Nilikuwa nimeusahau kabisa hadi mwanangu aliponiuliza tanuri lilikuwa likisafishwaje. Masizi ya mafuta mazito yanaganda ndani ya mabomba ya boila, joto halipiti. Basi unachota mchanga mkavu kwa sepetu, unautupia mlangoni mwa tanuri treni ikiwa inavuta kwa nguvu zote, mvuto unaunyonya, unakwangua mabomba, na bomba la moshi linatapika weusi mpaka abiria wa nyuma wanafunga madirisha. Ulinionyesha kwa mikono mitupu. Ulichota hewa, ukairusha, ukainama kukwepa moto ambao haukuwepo. Nami nikainama.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1971, wakati wewe mwenyewe ungali kazini, na nimewahi kujiuliza mlijisikiaje nyinyi mliokuwa mkipita pale mkielekea zamu, mkiona vichwa vya zamani vikistaafishwa kwenye nyasi na vyenu bado vina joto. Sikukuuliza. Miaka ile mliyonipeleka, dizeli zilikuwa zimeshaichukua njia yote, na wewe ulikuwa bado na nguvu za kufanya kazi ambayo haikuwepo tena. Mtoto haoni hilo. Mtoto anaona mjomba anayejua kila kitu, na anamwomba amrudishe Jumapili ijayo. Nawe ulinirudisha, mara nne, tano, mara nyingine kwa miguu kutoka Muthurwa kwa sababu nauli ilikuwa ya mkate. Sasa naelewa ulikuwa ukitoa nini, na nataka uniwie radhi kwa kudhani ilikuwa matembezi tu.

Kuhusu behewa la Kima, mwanangu alitaka kulirudia mara tatu. Namba 12, ndilo lile lile. Juni 1900, Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, na wenzake wawili, Huebner na Parenti, walilala humo wakimvizia simba aliyekuwa akiwasumbua watu wa stesheni ya Kima. Ryall alishika zamu, usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, akamchukua, akatoka naye kwa dirisha. Utotoni nilikuwa nikilipima dirisha lile kwa mikono yangu na kukataa kuamini. Watu bado wanalijazana, wanapiga picha, na siwalaumu. Lakini nilikumbuka ulivyonivuta pembeni ukanionyesha taruma moja la chuma chini, lile linaloshikilia reli, ukaniambia watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga njia hii tangu 1896, na kama 2,500 walikufa kabla haijafika ziwani Kisumu mwaka 1901. "Hawa hawana behewa," ukasema. Nimemwambia mwanangu hivyo hivyo, nikamwonyesha taruma. Alilitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Utotoni sikujua kwamba Gelai ni mlima wa kweli. Najua uliniambia vichwa vyote vya aina ile vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, Kenya, Rwenzori, na mingineyo, lakini Gelai sikuiona kwenye ramani ya shule, nikaamua moyoni kwamba ni jina la kichwa chenyewe tu. Miaka michache iliyopita kazi ilinipeleka kaskazini mwa Tanzania, tukalala Engare Sero, karibu na Ziwa Natron. Alfajiri nilitoka nje kunawa uso. Kusini niliuona Ol Doinyo Lengai, ule wenye ncha kali ambao kila mgeni huupiga picha. Upande wa pili, ng'ambo ya uwanda, palikuwa na mlima mpana, mzito, wenye mabega, umekaa kimya kando ya ziwa. Nikamuuliza mwenyeji wetu. Akasema, huo ni Gelai.

Mjomba, nilitokwa na machozi na beseni mkononi. Karibu mita 3,000 za volkano iliyozimika, na kitu cha kwanza nilichonusa kilikuwa mafuta mazito na chuma chenye jua. Mwenyeji alidhani nina habari mbaya za nyumbani. Nilijaribu kumweleza, nikasema nimewahi kuupanda mlima huu nikiwa na miaka saba, na mjomba wangu alikuwa akiuwashia moto. Alinitazama kwa upole, akaniongezea chai.

Pale pale nikaelewa kitu kingine. Vichwa vile vilikuwa na majina ya milima ya nchi zote tatu kwa sababu reli ilikuwa moja. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na yake, na mlima wa Tanzania ukabaki Nairobi, umepakwa ile rangi ya damu ya mzee, bila mtu wa kuurudisha. "Mount Shengena", namba 5930, nao uko hapo hapo makumbushoni, mlima mzima wa Upare. Inanifurahisha kwamba hawajahama. Sitaki wahame.

Kitu kimoja nakishukuru kuliko vyote kuhusu mahali pale, nacho ni kwamba unaruhusiwa kupanda. Nimeona makumbusho mengine mazuri, yenye taa na vioo, ambako mtoto anasoma kibao na kuendelea mbele. Mtoto hapendi mashine kwa kusoma kibao. Anaipenda kwa kushika mpini mzito ambao haukubali, na kwa kuwa na mtu pembeni anayejua kwa nini haukubali. Mimi nilikuwa na mtu huyo. Mwanangu, Jumamosi, alikuwa na mimi, na hapo ndipo penye shida yangu.

Nilifika salama hadi kwenye moshi na mchanga. Viberiti nilivikumbuka, nilinunua viwili njiani makusudi. Lakini tukiwa juu, upande wako, chini kushoto, alikuta mpini mdogo uliolainika kwa kushikwa, umelainika kuliko yote mingine, na akaniuliza ni wa nini. Nikaushika. Kiganja changu kiliutambua, nakuapia, lakini jina lake na kazi yake sikuwa nayo. Nikamwambia tutamuuliza babu wa Voi.

Kwa hiyo nakuja kukuchukua. Ijumaa ijayo nitapanda treni Syokimau, nishuke Voi, nilale kwako, na Jumamosi turudi wote Nairobi. Daktari amesema safari haina neno, nimeshamuuliza binti yako. Ngazi ile ni ndefu na magoti yako nayajua, lakini tutakuwa wawili, mmoja juu na mmoja chini, na hatuna haraka. Mwanangu ameniomba nikuandikie pia kwamba ameyahesabu. Ni ishirini na nane. Aligusa yote.

Mpwa wako