Umepimwa wewe?

Ilula, 9 Machi

Ndugu yangu Method,

Nimeona niandike, maana kwenye simu ningezungukazunguka. Kwamba mama anataka shemeji arudishwe kwao kwa kuwa mwaka wa nne huu hamna mtoto, nimesikia. Wewe umepimwa? Usinijibu kwamba nguvu unazo. Mimi nazo ninazo, na majibu yalikuja mbegu za kiume milioni 4 kwa mililita, wakati kiwango cha chini ni kama milioni 16.

Daktari aliniuliza kazi. Nikasema nyanya. Akauliza kama bomba langu la kupulizia linavuja, nikacheka. Bomba gani la mgongoni lisilovuja? Unakumbuka yale yetu: mstari wa tatu shati limeganda mgongoni, suruali imelowa mpaka mapajani. Pakiti tulifungua kwa meno. Fimbo ya kukorogea ikipotea, mkono upo. Halafu tunakaa chini ya mparachichi tunakula ugali na shati lile lile. Na sumu yenyewe tunaiita dawa, kama ya kichwa!

Akanisimulia ya Lathrop, kule California, mwaka 1977. Wanaume wa kiwandani waliokuwa wakitengeneza DBCP, sumu ya minyoo ya mizizi, walikuwa wakipiga soga tu, wakashtuka kwamba wengi wao wanatafuta mtoto na hawapati. Wakadai wapimwe. Baadhi hawakukutwa na mbegu hata moja. Kumbe tangu 1961 ilishachapishwa kwamba inasinyaza korodani za wanyama wa maabara. Kwenye mashamba ya ndizi ya Costa Rica nako wanaume wengi iliwakuta. Kilichonigusa ni ile soga. Sisi miaka yote shambani tuliongea mpira tu.

Sisemi tunapulizia hiyo. Daktari mwenyewe hakuapa kwamba bomba ndilo chanzo. Aliniuliza sigara, akaangalia na mishipa ya korodani. Ila mbegu hukomaa kwa siku 70 hivi, kwa hiyo akaniambia niache kupulizia miezi mitatu nirudi. Nikataka kumweka kijana wa jirani anipulizie. Mke wangu akaniuliza, "Na yeye hana korodani?" Nikanyamaza. Msimu ule nikapanda mahindi, nyanya robo eka tu. Hizo nilimwachia mpuliziaji niliyemkodi, mwenye vifaa vyake: glovu, ovaroli, bomba lisilovuja. Kipimo cha pili kilisoma milioni 11. Mtoto bado.

Njoo Iringa Alhamisi ijayo, utalala kwangu. Kaa bila kukutana na shemeji siku tatu kabla, ndivyo maabara wanavyotaka. Watakupa kikopo na kukuonyesha chumba. Aibu ni ya dakika tano. Mama usimwambie kitu kwanza. Shemeji mwambie, tena leo, kabla hajafunga mizigo.

Wako,
Festo