Mwacheni Mtoto Achague Penseli Yake: Barua ya Wazi kwa Wazazi Wenye Haraka

Wanangu,

Juzi niliona jambo dukani ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni. Kwa kuwa palepale sikufungua mdomo, naona heri niliandike.

Nilikuwa nimesimama na mjukuu wangu mbele ya rafu ya madaftari. Akaingia baba mmoja kijana, mkono mmoja simu, mkono wa pili mtoto. Binti yule hakuzidi miaka sita. Baba alikuwa anasoma orodha kwenye simu na kumtajia muuzaji: madaftari kumi, penseli dazeni, rula, kichongeo, fanya haraka ndugu yangu. Yule mtoto akachomoa penseli moja kwenye kopo lililokuwa juu ya kaunta, ya kijani iliyokoza. Akaizungusha vidoleni, akainusa. Akasema, "Baba, hii." Baba hakumtazama hata usoni. Aliinyakua, akairudisha koponi, akasema, "Penseli ni penseli." Wakatoka na mfuko wao. Mtoto aligeuka mara mbili kulitazama lile kopo.

Penseli ni penseli! Maneno hayo ndiyo yaliyoniketisha kuandika barua hii.

Sikatai kwamba kazi zinawabana. Nami zilinibana. Nilipokuwa nalea wanangu wanne nilikwenda dukani peke yangu jioni nikitoka kazini, nikarudi na furushi, nikawagawia kama mgao wa wakimbizi: hili lako, hili lako, nenda. Leo ni watu wazima wenye nyumba zao. Ukiniuliza ni yupi kati yao aliyependa daftari la mistari mipana na yupi aliyependa kuchora, sina jibu. Nilikuwa nao miaka yote hiyo na sikupata kuwaona wakichagua kitu. Kwa hiyo ninapowakemea, mjue nakemea kosa ninalolijua kwa ndani.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Siku ya kwenda kununua vifaa vya shule huamka kabla yangu, akaja kusimama pembeni ya kitanda amekwisha kuvaa viatu. Njiani haachi kuongea. Tukivuka mlango wa duka, kimya. Hushusha sauti kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. Kuna ile harufu ya karatasi mpya na mbao iliyochongwa, na kuna yale madaftari yaliyopangwa migongo nje, ambayo lazima ayapitishie kidole kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Mimi hukaa kimya. Karibu na kopo la kalamu pana kipande cha karatasi cha kujaribia, kimejaa mizunguko, saini nusu, mistari ya wateja waliotangulia. Naye huandika pale herufi tatu za mwanzo za jina lake kwa kila kalamu, akirudi nyuma kidogo kutazama. Herufi zile tatu anaziandika kwa makini kuliko ukurasa mzima wa kazi ya nyumbani.

Hebu niwaambie penseli ni nini, maana yule baba aliidharau asiyoijua. Tunaiita kalamu ya risasi, na ndani yake hakuna risasi, ile metali nzito, hata chembe. Ni grafiti, madini meusi laini, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Grafiti ya Borrowdale, Uingereza, ilipoanza kuchimbwa katika karne ya 16, watu waliidhania kuwa aina ya risasi, na kosa hilo likabaki kuwa jina. Mwaka 1795, Ufaransa ikiwa vitani na imekosa grafiti ya Waingereza, mvumbuzi Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alisaga grafiti hafifu, akaichanganya na udongo, akaichoma tanuruni kama chungu. Tangu hapo ugumu wa penseli ukawa ni suala la vipimo. Udongo ukizidi, penseli ni ngumu na hati yake imepauka, nayo huandikwa H. Ukipungua, ni laini na nyeusi, nayo ni B. HB imekaa katikati. Sasa mchukue mtoto wa miaka sita ambaye vidole vyake bado vinajifunza nguvu ya kubana, umpe penseli ngumu. Atakandamiza mpaka karatasi itoboke, mkono utamuuma, halafu mtasema hapendi kuandika. Mpe 2B, iliyo laini kuliko HB, ajaribu, mtaona mabega yanavyoshuka. Penseli si penseli, wanangu.

Hayo yote nilimweleza mjukuu palepale dukani, naye akaniuliza swali moja tu: kabla ya ufutio kuwapo, mtu akikosea alifanyaje? Nikamwambia walifuta kwa kipande cha mkate laini, na kwamba mpira ulianza kuuzwa kwa kazi hiyo huko Uingereza mnamo mwaka 1770. Aliutazama ufutio uliokuwa kiganjani mwake, akasema, "Basi huu ni mkate." Mpaka leo kwetu ufutio unaitwa mkate. "Bibi, umeuona mkate wangu?" Neno hilo halimo katika orodha yoyote ya shule. Ni letu sisi wawili, tumelitoa mbele ya rafu.

Lakini lililonifanya nishike msimamo huu bila kutetereka ni mkasi.

Mwaka jana orodha ilitaka mkasi mdogo wenye ncha butu. Nikachukua mmoja, nikampa aujaribu. Muuzaji, Mungu ambariki, akatupatia kipande cha karatasi. Mtoto akakata. Karatasi haikukatika; ilijikunja katikati ya makali kama ulimi. Akajaribu tena, uso ukaanza kuiva. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sijui kukata. Na shuleni mwalimu anasema mimi mvivu." Nilitaka kumwambia jaribu tena, neno letu la siku zote sisi wakubwa. Kisha nikautazama mkono wake. Alikuwa ameushika kwa kushoto.

Mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia unapobana, kwa maumbile yake, husukuma makali mawili yakaribiane, nayo hukata. Ukiushika kwa kushoto, mbano uleule huyatenganisha, na karatasi hupenya katikati ikajikunja. Tena kali la juu linakaa upande unaomziba macho, asiuone mstari anaoufuata. Muuzaji akaenda ndani, akarudi na mkasi wa kushoto, ambao makali yake yamepangwa kinyume. Mjukuu wangu akakata kile kipande cha karatasi vipande viwili, vinne, vinane, mpaka kaunta ikajaa vijikaratasi. Hakucheka wala hakupiga kelele. Aliendelea kukata tu.

Mwaka mzima mtoto ameitwa mvivu kwa sababu ya chuma kilichopindwa upande mmoja! Mwaka mzima! Na nyumbani wote tulijua anatumia kushoto, mimi nikiwemo, wala hakuna aliyefikiri kuhusu mkasi. Kama ningetuma orodha kwa simu, mfuko ungeletwa mlangoni, mkasi ungekuwa ndani, mpya unang'aa, na mtoto angeendelea kuamini kwamba mikono yake ina kasoro.

Na hapa niwageukie walimu na wazee wenzangu, maana nasi tunachangia. Bado wapo wanaomhamisha mtoto mkono kwa fimbo au kwa kejeli. Mtoto wa kushoto si mkaidi, na mkono huo hakuuchagua. Anapoandika kutoka kushoto kwenda kulia, kiganja chake kinapita juu ya wino mbichi, kinauchafua. Mpeni kalamu yenye wino unaokauka upesi, mwacheni alilaze daftari upande wake, na msimtoze alama za usafi kwa doa ambalo halikutokana na uzembe. Jambo dogo kabisa, na tumelishindwa kizazi baada ya kizazi.

Sisemi dukani mtoto aachiwe atawale. Huko nako kumeharibika. Wafanyabiashara wanajua kimo cha mtoto kuliko wazazi wake: mabegi ya wahusika wa katuni yanawekwa usawa wa macho yake, na vifaa vya maana vinapandishwa juu. Wazazi nao wanashindana kwa mabegi ya watoto wao kama wanavyoshindana kwa magari. Nimeona mtoto ana mkebe wenye vioo na taa, na ndani hamna penseli iliyochongwa. Sheria yangu na mjukuu ni nyepesi. Orodha ya shule ni yangu, lazima itimie. Namna ya kila kitu ni yake, katika vile tunavyovimudu. Na juu ya hapo ana kitu kimoja ambacho hakimo kwenye orodha. Kimoja. Ni kule kukipima hicho kimoja dhidi ya vingine vyote ndiko anakojifunzia kuhesabu, kuacha na kuridhika. Safari iliyopita alisimama dakika kumi nzima kati ya stika za nyota na kalamu ya rangi ya dhahabu. Nilihesabu dakika hizo kwa saa ya ukutani na nikajizuia kusema neno. Akachagua kalamu. Tukiwa mlangoni akasema, "Nyota naweza kuzichora kwa hii."

Kuna mambo mengine nayataja tu, mtayaelewa. Kichongeo kijaribiwe, maana kibovu hula penseli nzima kwa wiki moja. Penseli isiangushwe sakafuni, moyo wake huvunjikia ndani, kisha kila ukichonga ncha inadondoka. Tazameni kama kifuniko cha kalamu kina kitundu juu: kiliwekwa ili mtoto akikimeza kikamkwama, hewa ipate kupita. Ufutio wenye sura na harufu ya tunda usipewe mtoto anayetia vitu mdomoni. Rula iwe na sifuri inayosomeka. Daftari lililoshonwa katikati lisichanwe ukurasa, kwa sababu ukiung'oa wa mbele, mwenzake wa nyuma unalegea.

Rimu ya karatasi hubeba yeye. Anapenda uzito wake, huibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Siku moja aliona imeandikwa gramu 80, akakasirika, akasema wamedanganya, hii haiwezi kuwa gramu 80. Tukakaa kwenye ngazi za duka tukafanya hesabu. Hizo gramu 80 ni za mita moja ya mraba. Karatasi 16 za A4 ndizo zinazotimiza mita hiyo, kwa hiyo karatasi moja ni gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Hesabu ilimshinda mahali, nikamsaidia. Tulipofika nyumbani aliipandisha kwenye mizani ya jikoni, na mshale uliposimama pale tulipotabiri alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeumba karatasi. Kisha nikamwonyesha kwamba ukiikunja A4 katikati unapata umbo lilelile, dogo zaidi, nalo ni A5, na ukikunja tena ni hivyohivyo. Alikunja mpaka vidole vikashindwa.

Bibi na babu wenzangu, ninyi mnaolalamika kwamba wajukuu hawawasikilizi, kwamba wapo na simu tu: ombeni safari hii. Waambieni watoto wenu, "Orodha ya shule nipeni mimi, na mtoto nipeni." Magoti yakiwauma, duka la vifaa vya kuandikia halina mwendo mrefu ndani yake, na muuzaji mwema hatawanyima kiti. Hamtahitaji hadithi ya kumvuta mtoto. Ataongea mwenyewe. Mjukuu wangu aliniambia habari za rafiki aliyemkosea, habari ambayo mama yake alikuwa ameitafuta wiki nzima, akiwa amenipa mgongo, anapanga kalamu za rangi kuanzia njano hadi nyeusi.

Nanyi wazazi, kama hamna siku nzima, ichukueni nusu saa. Simu ibaki mfukoni. Ingieni na mtoto, mwinameni mpaka macho yenu yawe usawa wa macho yake, mtazame kile anachokitazama.

Juzi, yule baba na binti yake walipokwisha kutoka, mjukuu wangu aliliendea lile kopo la kaunta. Akaitafuta ile penseli ya kijani, akaichomoa. Nikajua ndicho kitu chake kimoja cha siku hiyo, nikaanza kufungua mkoba. Akatikisa kichwa. Aliirudisha koponi, lakini upande wa mbele, akazisogeza nyingine nyuma ili ionekane.

"Akirudi aione," akasema.

Baba kijana, kama barua hii imekufikia, mrudishe mtoto. Penseli yake ipo upande wa mbele.

Ni mimi,
Bibi mwenye mjukuu wa kushoto