Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutua Nje ya Uwanja

Ndugu wanachama,

Mapato, matumizi na hali ya winchi (mashine ya kamba inayoturusha) mtavisoma katika taarifa za mhazini na fundi. Nafasi yangu naitumia kwa jambo moja linalonikosesha raha: glaida, yaani ndege isiyo na injini, kuvunjika, na watu kuumia, katika kutua nje ya uwanja.

Kutua shambani kwenyewe si ajali. Asiyekuwa na injini lazima siku moja akose hewa inayopanda. Ajali huanzia angani, pale rubani anapoendelea kuzunguka akitafuta kunyanyuka ilhali hajachagua pa kutua. Ukifika futi 2,000 juu ya ardhi, uwe karibu na mashamba yanayofaa. Futi 1,500, uwe umeshachagua moja. Futi 1,000, acha kutafuta, anza mzunguko wa kutua. Nasema juu ya ardhi: altimita (kipimo cha kimo) iliyowekwa sifuri nyumbani haijui kwamba ardhi ya Timau imeizidi ya Nyeri kwa zaidi ya futi elfu moja. Huko, amini macho.

Vitabu vingi tunavyojifunzia vimeandikwa Ulaya, kwenye nchi tambarare iliyo karibu na usawa wa bahari. Nanyuki iko zaidi ya mita 1,900, na mchana wa joto hewa yake ni nyepesi mno. Kipimo cha kasi kikisoma kilomita 100 kwa saa, kasi halisi ni karibu 115, na nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza huongezeka kwa karibu theluthi moja. Shamba la mita 300 linalotosha kule, hapa lihesabiwe kama mita 400.

Kasi hiyo hudanganya jicho pia. Ardhi inapita haraka, hasa upepo ukiwa mgongoni, na rubani anadhani anakwenda mbio kupita kiasi. Anavuta fimbo ya kuongozea, na kasi inapungua. Kona ya mwisho inambana, anasukuma pedali ili pua iwahi kugeuka, bawa la ndani linaacha kubeba na glaida inazunguka kama pia. Kwa futi 300 hakuna nafasi ya kuitoa humo. Soma kipimo cha kasi, si ardhi, na umalize kona hiyo kabla hujashuka chini ya futi 300.

Shamba bora kwetu ni la ngano iliyokwisha kuvunwa. Mimea iliyosimama hunasa ncha ya bawa, glaida inageuzwa ghafla na mkia unavunjika. Malisho ya Laikipia huonekana laini kutoka juu, lakini nyasi huficha vichuguu na mashimo ya muhanga. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kumeza gurudumu. Ukinyeshewa, trela haitoki. Mteremko ukiuona waziwazi ungali juu, basi ni mkali kuliko unavyodhani: tua ukipanda, hata kama upepo hafifu unakusukuma kutoka nyuma. Ng'ombe wakiwepo, tafuta shamba jingine.

Nyaya hazionekani kwa wakati, kwa hiyo tafuta nguzo. Nyumba au pampu ya maji iliyo peke yake huenda inapelekewa umeme, na waya huo unakatiza mahali fulani. Uzio wa waya ndio unaonitisha zaidi, maana waya unaweza kupanda juu ya pua na kumfikia rubani shingoni. Ukiona hutasimama kabla ya uzio, gusisha bawa moja chini ili glaida igeuke, sukuma fimbo mbele na kanyaga pedali ya upande wa pili. Mkia huenda ukavunjika. Uache uvunjike, kamati haitamlaumu mtu kwa hilo.

Wenye glaida zenye injini ya akiba inayokunjuliwa nje: ikiwa nje bila kuwaka, huongeza kasi ya kushuka. Iwasheni mkiwa juu ya shamba mlilokwisha kulichagua.

Gurudumu litolewe daima, hata kwenye ardhi mbaya, kwa kuwa linapokea kishindo ambacho kingeishia kwenye uti wa mgongo.

Kamati imeamua kwamba kabla ya safari ya kwanza ya mbali kila mwanachama atapanda na mkufunzi katika glaida yenye injini, achague mashamba matatu na kuyakaribia hadi kimo atakachoruhusu mkufunzi, altimita ikiwa imefunikwa. Kisha wataenda kwa gari kuyakagua mashamba hayohayo kwa miguu, kwa ruhusa ya wenyewe. Majina yaandikwe kwa mkufunzi mkuu.