Malalamiko kuhusu mimea ya kuelea na mosi mlizotuletea Unguja

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Mjini Magharibi, Unguja.

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MIMEA YA TANGI ILIYOHARIBIKA, NA JAWABU LENU KWAMBA KOSA NI LA MAJI YETU

Assalaam alaykum.

Tumepokea jawabu lenu kwamba mimea ya kuelea na mosi (vimea vidogo laini vinavyoota kama zulia) imekufa kwa sababu maji ya Zanzibar ni magumu, na kwa hivyo hamrudishi fedha. Jawabu hilo hatulikubali.

Ni kweli maji ya visima vya Unguja ni magumu. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na ukoko mweupe uko ndani ya kila birika la chai. Lakini ugumu wa maji una namna yake ya kudhuru mmea. Maji yenye chokaa nyingi huwa na pH (kipimo cha asidi ya maji) ya juu, na kwenye pH hiyo madini ya chuma hugeuka masimbi, yaani chembe ngumu zinazotuama, ambayo mmea hauwezi kuyatumia. Dalili huonekana kwenye majani machanga: yanatoka ya manjano, mishipa yake ikabaki kijani, na hali hiyo huja polepole kwa wiki kadhaa. Limnobium na Pistia, ile mimea ya kuelea mliyotuletea, zilitoka mfukoni zimeshaoza kitovuni, pale jani jipya linapochipuka. Ukigusa, kitovu chote kinateleza na kubaki kwenye kidole, cheusi, kinanuka tope, na huku majani ya nje bado mabichi. Mmea wa namna hiyo haujawahi kukutana na maji yetu.

Kilichoziua ni ufungaji. Mimea ya kuelea mmeitia katika mifuko iliyojaa maji, kama mnavyofunga samaki. Mimea hii uso wa juu wa jani unatakiwa ukae pakavu. Ndiyo maana hata kwenye tangi lenye kifuniko tunaacha mwanya, ili matone ya mvuke yasiangukie majani. Ndani ya mfuko unaorushwa rushwa na boti mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja, majani yanapinduka, kitovu kinazama, na joto la boksi lililofungwa linamalizia. Ufungaji sahihi ni rahisi na mzigo wake ni mwepesi zaidi: kung'uta maji, tandaza mimea safu moja juu ya gazeti lililoloweshwa likakamuliwa, funika kwa gazeti jengine, acha hewa kwenye mfuko, funga, tia kwenye boksi la povu. Mosi nayo inasafiri vizuri hivyo hivyo.

La pili ni zito kuliko fedha. Tuliagiza Salvinia minima, jimbi dogo la kuelea, na risiti yenu imeandika hivyo. Chukueni jani lililokomaa mliangalie kwa lenzi ya kukuzia. Kwenye S. minima, kila kinywele cha juu ya jani kinagawika matawi manne, na ncha zake zimeachana. Kwenye hizi mlizoleta, ncha zimekutana tena juu, zikafanya kama kitunga kidogo kilichofumwa. Hilo ni kundi la Salvinia auriculata, na ndani ya kundi hilo imo Salvinia molesta, asili yake kusini mashariki mwa Brazili, gugu lililofunika sehemu kubwa ya Ziwa Kariba mwanzoni mwa miaka ya 1960. S. molesta haina haja ya mbegu. Kipande kilichokatika kinatosha kuanza upya. Hapa maji ya kubadilisha tangi watu humwaga mtaroni, na tuna mabonde ya mpunga Cheju na Pemba. Tumezitoa zote, tumezianika juani mpaka zikakauka kabisa, kisha tumezichoma. Tunataka mtuambie mmezipata wapi, na nani mwengine amepelekewa.

Katika mifuko hiyo hiyo mlikuwamo Lemna, vile vijani vidogo vya duara. Mtu akiachiwa kimoja nyuma ya filta, baada ya muda mfupi uso wote wa tangi umefunikwa na mosi chini haipati mwanga. Mimea inatakiwa ikae kwanza kwenye beseni la peke yake wiki mbili, ikaguliwe, ndipo iuzwe.

Sasa mosi. Mosi ya Java mmeifunga juu ya wavu ambao lebo inasema haushiki kutu. Tumekata waya: ndani ni chuma cha kawaida, nje umepakwa zinki, na kwenye maungio umeshatoa unga mweupe. Zinki ni sumu kwa kamba wadogo wa tangini, na kamba ndio wateja wakubwa wa mosi. Ugumu wa maji mnaoulaumu ndio unaopunguza makali ya zinki. Kwenye maji laini hasara ingekuwa kubwa zaidi. Tena mosi yenyewe imeshindiliwa unene wa vidole viwili, kwa hivyo ya chini imeoza kwa kukosa mwanga na maji yanayopita. Safu nyembamba, inayoacha wavu uonekane kidogo, iliyofungwa kwa uzi wa mshipi, hujaa yenyewe.

Kikaratasi chenu cha maelekezo nacho kinaagiza dawa ya kaboni ya maji, mililita 5 kwa lita 40, kila siku. Dawa hiyo ina glutaraldehaidi, kemikali kali ya kuulia vijidudu. Kwa dawa za namna hii, kiwango hicho kwa kawaida ni cha mara moja, baada ya kubadilisha maji mengi. Cha kila siku ni mililita 5 kwa lita 200. Mnawaambia watu watie mara tano. Mosi na Riccia (kimea kidogo cha kuelea) ni katika mimea ya mwanzo kuungua kwa dawa hiyo, hata ikizidi kidogo tu.

Tunaomba haya, ndani ya siku 14: fedha za mzigo wote pamoja na nauli ya boti, kikaratasi kiondolewe na wote waliokwisha kukipata waarifiwe, uuzaji wa Salvinia usimame mpaka ikaguliwe kwa lenzi, na nyavu zenye zinki zirudishwe kwa gharama yenu. Tukikosa jawabu tutalifikisha suala la Salvinia kwa wakaguzi wa afya ya mimea bandarini.

Tumeambatanisha picha za vitovu vilivyooza, za vinywele kama vinavyoonekana kwenye lenzi, na kipande cha wavu ndani ya bahasha.

Wasalaam,

Wafugaji wa samaki wa mapambo, Unguja