Vitambaa vile havikuwa vya kupitishia wakati

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu ya Jumapili juu ya vitambaa vya kale vya kujifunzia kudarizi imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu anasema ulikuwa mtindo wa mabibi wa Kiingereza waliokosa la kufanya, ulioanzia kwao. Yote mawili si kweli.

Katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford, vimo vipande vya kitani vya Misri, vya enzi za Wamamluki, ambao utawala wao ulianguka mwaka 1517. Nakshi zimetawanywa humo bila mpango, hapa nyota, pale kipande cha ukingo, kwa kuwa mdarizi alikuwa anajiwekea mishono asije akaisahau. Kitambaa cha Kiingereza cha zamani zaidi chenye tarehe ni cha Jane Bostocke, cha mwaka 1598, na kipo makumbusho ya Victoria and Albert, London. Hata huyo hakuwa anajiliwaza. Aliandika kwa uzi kwamba mtoto Alice Lee alizaliwa tarehe 23 Novemba 1596, Jumanne, baada ya adhuhuri.

Sasa hilo la kukosa la kufanya. Karne ya 19 mayatima wa Bristol walidarizi herufi na tarakimu kwa uzi mwekundu, safu juu ya safu, maana nyumba kubwa zilitaka mtumishi anayejua kutia alama mashuka na taulo ili zihesabike. Ile ndiyo iliyokuwa barua yao ya kuombea kazi. Na Elizabeth Parker wa Sussex, binti wa kibarua, mwandishi wenu hakumtaja kabisa! Huyu, mnamo mwaka 1830, alianza kwa kusema kwamba hajui kuandika, kisha akajaza kitambaa maneno tu kwa hariri nyekundu, bila ua wala ukingo: jinsi alivyotendewa ukatili alikokuwa mtumishi, jinsi alivyofikia kutaka kujiua. Sentensi ya mwisho inauliza roho yake itakuwaje, ikakatika hapohapo. Baadaye alikuwa mwalimu. Mtu akisoma hayo halafu aandike “mapambo ya mabibi”, mimi simwelewi.

Nina sababu ya kukasirika. Nilifundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, na katika shule moja niliyofundisha kulikuwa na kabati la vitambaa vya wasichana waliopita, vipande vya marekani vya upana wa daftari. Juu mshono wa mnyororo, chini yake mishono ya msalaba, halafu herufi, halafu jina la mtoto na darasa lake. Alikuja mkuu mpya akaamuru stoo isafishwe. Nilipouliza vitambaa viko wapi nikaonyeshwa ndoo ya kupigia deki. Nilitoa kimoja nikakikamua. Uzi mwekundu ulikuwa umechuja, herufi N imegeuzwa kinyume, na pembeni palionekana vitundu vya sindano pale mtoto alipofumua akarudia. Yule mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najaza rejista ya darasa. Jina lake kwa mkono wake mwenyewe lilikuwa pale, nasi tukalipigia deki. Nikaambiwa, “Mwalimu, hayo ni matambara tu.” Neno hilohilo nimelisikia tena katika makala yenu, kwa adabu zaidi.

Ndivyo ilivyo hata kwa kofia. Kofia ya kushonwa kwa mkono, ile ya vito, yaani vitundu vilivyozungushiwa uzi, humchukua mtu miezi, tundu moja baada ya jingine. Leo unauziwa ya mashine kwa bei ya mkono, na muuzaji anakukazia macho akiapa kwamba ni ya Lamu. Igeuze ndani nje, utaona nyuzi zinavyorukaruka kutoka ua hadi ua. Wanaonunua hawageuzi, na mafundi wanaacha kazi kwa sababu hiyo.

Ninachotaka ni hiki. Kila shule ya msingi imkatie kila mtoto wa darasa la sita, wa kike na wa kiume, kipande cha marekani cha sentimita 20 kwa 30. Adarizi jina lake, la mama yake, kijiji na mwaka. Vishonwe kwenye shuka moja kwa kila mwaka, shuka iwekwe kwenye sanduku la bati pamoja na majani makavu ya mwarobaini, iandikwe katika daftari la mali ya shule, na ufunguo ushikwe na watu wawili ili mkuu mpya asiweze kutupa peke yake. Nyuzi za kuanzia nitatoa mimi kwa shule tatu za hapa kwetu.

Nanyi sahihisheni hilo la Misri na hilo la mabibi, katika ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mwalimu mstaafu,
Tanga